Jinzi ya kuvalia buti: pima mdomo wa suruali kabla hujatoa hela

Mwezi wa sita, baridi ikishashuka Arusha, wadogo zangu na marafiki huanza kuniuliza swali lilelile: "Nimepata buti kali, nivae na jinzi gani, na niweke shilingi ngapi?" Wengi huuliza wakiwa wameshanunua suruali, na suruali yenyewe haipiti juu ya buti. Inakwama kwenye shingo ya kiatu, inajikunja kama soksi iliyolegea, na mwenyewe anashinda siku nzima akiinama kuishusha.

Nimenunua jinzi za mtumba kwa zaidi ya miaka kumi, nyingi pale soko la Memorial, Moshi, na nyingine soko la Kilombero, Arusha. Kosa ninaloliona karibu kila mara ni kuanza na kiuno. Muuzaji anauliza saizi, unajibu 32, anakuvutia tatu nne, unazungusha kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana nyuma unalipa. Lakini kiuno ndicho kitu rahisi kuliko vyote kurekebisha. Fundi anakipunguza ukiwa unakunywa chai. Mdomo wa suruali, yaani pale chini mguu unapotokea, ukiwa mdogo hakuna fundi wa kuupanua, kwa sababu kitambaa cha kuongezea hakipo. Kwa hiyo ukitafuta jinzi ya buti, anzia chini ndipo upande juu.

Hatua ya kwanza: pima buti lako

Hii inafanyika nyumbani, kabla hujashika daladala. Vaa buti, funga kamba kama unavyofunga siku zote, kisha zungusha futi kamba pale shingo ya buti ilipo nene zaidi. Kwa mabuti mengi ni juu kidogo ya kifundo, ulimi na fundo la kamba vinapokutana. Usipime buti likiwa tupu, maana likiingia mguu hutanuka.

Chukua namba uliyoipata, igawe kwa mbili, uongeze sentimita 3. Buti langu la shingo fupi, la inchi sita, linazunguka sentimita 32. Nusu yake ni 16, nikiongeza 3 napata 19. Hiyo 19 ndiyo ninayokwenda nayo sokoni: jinzi ikilazwa juu ya meza, mdomo wake kutoka mshono hadi mshono usipungue sentimita 19. Ukipungua, suruali itakalia buti badala ya kuteremka.

Ukishakuwa na namba yako, aina za jinzi zinajieleza zenyewe. Modo, ile inayobana mpaka chini, mdomo wake huwa sentimita 14 au 15. Iliyobana kiasi huwa 17 au 18. Iliyonyooka, yenye upana unaokaribia kuwa mmoja kutoka goti hadi chini, huwa 19 hadi 21. Na ile inayobana gotini kisha ikafunguka kidogo, wauzaji wanaiita butikati, huwa 22 hadi 24. Jina lake linatokana na buti: mguu ulifunguliwa chini ili upite juu ya shingo ya kiatu.

Zaidi ya hapo unaingia kwenye bugaluu. Wazee wetu wa miaka ya 1970 walivaa bugaluu na raizoni, vile viatu vya soli nene, na nadhani walikuwa na akili ya mavazi kuliko tunavyowasifia. Mdomo mpana unahitaji soli nene ya kuubeba, la sivyo unafagia barabara. Kanuni hiyo bado ipo. Buti lenye soli nyembamba likivaliwa na mdomo wa sentimita 25, mguu unapotea wote.

Kwa mabuti mengi ya kamba, jinzi iliyonyooka ndiyo jibu, na ndiyo ninayomshauri mtu anayenunua moja tu. Buti la mpira ubavuni, lisilo na kamba, lina shingo nyembamba, na mdomo wa 17 unatosha. Safari Boot ya Bata, inayotengenezwa Limuru kule Kenya, nayo ina shingo fupi na laini, unaweza kuivalia ya 17 au 18 bila shida. Kwa dada zangu wenye mabuti marefu yanayofika karibu na goti, hesabu inageuka kabisa: suruali inaingia ndani ya buti, kwa hiyo hapo modo ndiyo mahali pake, na ikiwa na kiuno cha juu haitachomoka unapokaa.

Anayeendesha bodaboda asivuke 22. Mdomo mpana unakamatwa na kiki, na ukigusa ekzosi unaungua.

Hatua ya pili: panga hela ukiwa bado nyumbani

Bei ninazokutana nazo huku kaskazini ni hizi. Jinzi ya kuchagua kwenye rundo chini, shilingi 5,000 hadi 10,000. Iliyotundikwa, grade ya kwanza, 15,000 hadi 25,000. Mpya ya dukani, katika zile zinazotoka Kariakoo, 25,000 hadi 45,000. Ukimwagiza ndugu aliyeko Ulaya au Marekani jinzi mpya ya jina kubwa, andaa 150,000 na kuendelea, na hapo hujalipia usafiri.

Kwa suruali ya kuvalia buti, weka 20,000 hadi 25,000, na 5,000 nyingine ya fundi uitenge pembeni kabisa, usiiguse sokoni. Jumla 25,000 hadi 30,000. Mkononi ukiwa na 15,000 tu, bado inawezekana, ila utachimba rundo kwa saa mbili. Ukiwa na 45,000, mimi ningenunua mtumba mmoja mzuri, nikamlipa fundi, na kilichobaki nikaongezea kwenye buti. Mtumba wa 20,000 mara nyingi ni kitambaa kizito cha pamba kilichokwisha kufuliwa mara nyingi, kikaruka, yaani kikanywea, kilichotaka kuruka. Jinzi mpya ya 30,000 mara nyingi ni nyepesi, ina mpira mwingi, na bado hujui itafanya nini ikiingia kwenye maji.

Mwaka 2019 nilinunua modo mpya kwa 12,000 katika duka moja mjini. Ilipendeza siku ya kwanza. Mwezi wa tano tangu niinunue ikaachia katikati ya mapaja nikiwa ndani ya basi la Karatu, na nilikuwa nakwenda kwenye usaili wa kazi. Nilikuwa nimeivaa kama mara 40, kwa hiyo kila mara ilinigharimu shilingi 300. Jinzi iliyofuata ilikuwa mtumba wa 25,000, pamoja na 5,000 ya fundi. Niliivaa mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili, ambayo ni kama mara 200. Hiyo ni shilingi 150 kila nilipoivaa, na hata leo naivaa shambani.

Kipimo kingine ninachokiamini: jinzi pamoja na fundi visizidi nusu ya bei ya buti. Buti ndilo linalobeba mwili wako na ndilo linaloingia maji. Kama buti ni la 60,000, suruali iishie 30,000. Ukijikuta unataka kulipia jinzi kuliko buti, ujue unalipia nembo ya ngozi iliyoshonwa nyuma ya kiuno, na nembo hizo siku hizi zinashonwa hata kwenye suruali ambazo kampuni yenyewe haijawahi kuziona.

Hatua ya tatu: nenda sokoni umevaa buti

Vaa buti lako, chukua futi kamba, na ndani ya suruali uliyovaa weka bukta nyepesi ili uweze kujaribu nyuma ya pazia la kanga. Muulize muuzaji siku yake ya kufungua belo. Wengi hawafichi. Siku hiyo ukifika saa moja asubuhi utakuta vitu vizuri na bei ngumu. Ukifika saa kumi jioni utakuta bei laini na vitu vilivyoachwa na wenzako, ila mguu mpana huachwa sana, kwa kuwa wengi bado wanasaka modo. Jinzi zangu mbili bora nilizipata jioni.

Ukiliona rundo, usisome saizi. Kamata chini, kwenye mdomo, uweke futi kamba. Haifiki namba yako? Iache, hata kama rangi imekuteka. Imefika? Sasa ikague.

Inyanyue dhidi ya jua, utazame katikati ya mapaja, pale miguu miwili inapokutana. Nguo hufia hapo. Mwanga ukipenya kama kwenye chandarua, wiki mbili zijazo patachanika. Kisha geuza mdomo uangalie upande wa nyuma, pale kisigino kinapokanyaga. Nyuzi zikiwa zimekatika kidogo si tatizo, fundi atakata. Zikiwa zimeliwa sentimita tatu juu, hesabu kwamba urefu huo umeshapotea.

Shika kiuno kwa mikono miwili, uiache suruali ining'inie. Mshono wa ubavuni uteremke wima. Nimewahi kununua ambayo mshono wake ulianzia nyongani na kuishia juu ya vidole, mguu mzima umejinyonga. Hakuna fundi aliyeweza kuutuliza, kwa sababu kitambaa chenyewe kiligeuka kilipofuliwa. Ukiuona umejipinda, rudisha.

Halafu mfukoni. Kwenye pembe za mifuko kuna vichwa vidogo vya shaba. Aliyevibuni kwenye suruali alikuwa fundi nguo wa Reno, Nevada, aitwaye Jacob Davis, aliyetaka suruali za wafanyakazi zisichanike. Akaungana na mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia kitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, na tarehe 20 Mei 1873 wakapewa hataza, yaani haki ya ubunifu huo, ya Marekani. Pembe zile ndipo mkono unapovuta kila siku, kwa hiyo weka kidole ndani ya mfuko usukume. Kichwa kikicheza au kitambaa kinachokizunguka kikiwa kimetoboka, ni ishara kwamba suruali imefanyishwa kazi nzito.

Zipu ipandishe na kuishusha mara kumi, siyo mara moja. Kubadilisha zipu ya jinzi ni 3,000 au zaidi, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei.

Mwisho vuta kitambaa karibu na goti, kwa upana, kisha uachie. Kikirudi mara moja, sawa. Kikibaki kimetuna, mpira wake umekufa, na goti litakaa limetokeza hata ukiwa umesimama. Lebo ya ndani ikisema pamba asilimia 100, au elastane, yaani huo mpira, asilimia 1 hadi 2, chukua. Ikizidi hapo, pindo halitakuwa na uzito wa kutulia juu ya buti, linapeperuka na kupanda. Watu hawaitilii maanani hoja hii, nami naiona ya maana sana: jinzi ya buti inahitaji uzito chini. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa achague iliyo nyepesi kidogo kwa sababu ya joto, lakini isiwe ya mpira.

Urefu nao upime kwa mkono. Lebo za nje huandika namba mbili, kwa mfano W32 L34: kiuno inchi 32, mguu inchi 34, yaani kama sentimita 86 kutoka msamba hadi pindo. Namba hizo zisikudanganye kwenye mtumba, maana suruali huenda ilikatwa na mwenyewe wa kwanza au iliruka. Kisigino cha buti hukuinua kama sentimita 3, kwa hiyo kama ukiwa na raba unavaa 79, ya buti iwe 82. Afadhali iwe ndefu. Ndefu inakatwa.

Sasa kiuno. Kikizidi hadi inchi mbili, usihangaike, huyo ni mteja wa fundi. Kikizidi inchi nne, mifuko ya nyuma itakaribiana mpaka igusane ukikipunguza, na nyonga zitaharibika. Kikibana, iache.

Kwenye bei, mimi humwonyesha muuzaji kasoro mojamoja bila kuidharau nguo. "Kaka, zipu inashika, na hapa nyuma pameliwa. Nina 18." Mara nyingi tunakutana kwenye 20.

Hatua ya nne: fundi, na buti likiwa mguuni

Ifue kwanza. Hata mtumba. Pamba huruka urefu kuliko upana, na pindo likikatwa kabla ya kufuliwa, sentimita 2 zikipotea huna pa kuzirudisha.

Nenda kwa fundi ukiwa umevaa buti unalokusudia. Fundi wangu ni mama mmoja mwenye cherehani mbili kibarazani, na tumebishana sana mpaka tukaelewana. Mara ya kwanza aliniambia, "Baba, nikikubania na goti si itapendeza zaidi?" Nikamwambia, "Hapana mama, chini usiguse hata uzi. Kiuno tu, na urefu." Sema hiyo sentensi kabla hajachukua mkasi. Mafundi wengi wamezoea wateja wa modo, na mkono unakwenda wenyewe.

Simama wima, tazama mbele, usiiname kuangalia. Yeye ndiye apige chaki. Mbele, suruali iguse buti na kufanya mkunjo mmoja mdogo. Nyuma, pindo liishie katikati ya kisigino, lisiguse ardhi. Mikunjo ikiwa miwili au mitatu ni ndefu mno. Mkunjo ukikosekana kabisa, ukikaa kwenye gari shingo ya buti itaonekana yote. Mwombe akuache ukae na usimame mara moja kabla ya kukata.

Pindo la jinzi ni gumu pale mishono ya ubavuni inapokutana, kitambaa kinakuwa tabaka nyingi na sindano ya kawaida inakatika. Mama yule huweka sindano namba 16, kisha anaupiga ule mshono kwa nyundo ndogo juu ya ubao mpaka ulale, ndipo anapitisha. Ukimwona fundi anaifanya hivyo, umefika kwa anayejua. Pindo ni 2,000 au 3,000, kiuno 3,000 hadi 5,000. Vyote viwili kwa pamoja unaweza kuelewana.

Hatua ya tano: rangi

Hapa sina maneno mengi. Bluu iliyoiva inakwenda na buti la kahawia la kila aina. Nyeusi ivae na buti jeusi. Bluu iliyopauka ipeleke kwa buti la swedi la rangi ya mchanga. Ukiwa na moja tu, iwe bluu iliyoiva, maana inapita kazini na kanisani bila kuulizwa.

Hatua ya sita: izuie isipake buti

Rangi ya jinzi, nili, haiingii hadi kiini cha uzi. Inakaa juu juu, na moyo wa uzi unabaki mweupe. Ndiyo maana goti hupauka, na ndiyo maana jinzi mpya ikisugua kitu cheupe inaacha alama. Mabuti ya ngozi ya manyoya mafupi yenye rangi ya ngano, kama yale ya Timberland yaliyoanza kuuzwa mwaka 1973, ndiyo yanayoumia zaidi. Langu lilipata mkanda wa bluu kuzunguka shingo kwa mvua ya asubuhi moja tu, nikasugua kwa kifutio na brashi, ukapungua, haukutoka.

Watu watakuambia uiloweke kwenye chumvi au siki ili rangi ishike. Haishiki, nili haifungwi kwa chumvi. Igeuze ndani nje, iloweke kwenye maji baridi na sabuni kidogo kwa nusu saa, isuuze, urudie mpaka maji yatoke karibu meupe. Kwa jinzi mpya ya bluu iliyoiva ni mara tatu au nne. Ianike kivulini, ukiitundika kwa kiuno ili uzito wa maji uvute miguu inyooke. Mwezi wa saba huku kwetu nzito inachukua siku mbili kukauka, kwa hiyo ifue Alhamisi kama unaitaka Jumapili.

Kabla maji hayajawa meupe, ukilazimika kuivaa na buti la rangi ya ngano, kunja pindo mara mbili kwa nje, upana wa vidole viwiliviwili, likae juu ya shingo ya buti bila kuligusa. Siku ikiwa ya mvua, vaa lile jeusi.